Ukijitenga, Jitenge na Mzigo Wako

(Hotuba ya ufunguzi kwenye mkutano wa watumiaji na watengenezaji wa programu huria. Nimeiandika upya kutoka kwenye rekodi, nikaondoa kikohozi na marudio.)

Mwenyekiti, wakubwa mliotutangulia kwenye kazi hii, shikamooni. Na ninyi vijana mliojaa huko nyuma na kompyuta mapajani, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie wingi wa distro za Linux, yaani mfumo mmoja wa kompyuta ambao kila kundi linaufungasha kwa namna yake. Barua ya mwaliko iliuliza hivi: "Kwa nini tusiungane tukawa na moja tu?" Nilicheka niliposoma, kwa sababu swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe nikiwa na umri wa hao walio nyuma. Niliuliza kwa hasira, nikajibiwa kwa hasira. Leo nitajaribu kulijibu taratibu.

Nianze na picha moja. Sikuja nayo, nitawasimulia tu.

Miaka michache iliyopita niliandika programu ndogo ya kupanga na kutafuta faili za sauti. Haikuwa kitu cha kujivunia: mistari elfu nne hivi ya lugha ya C, kazi ya jioni baada ya kazi. Nikaijenga kwenye kompyuta yangu, ikaenda vizuri, nikaiweka hadharani. Siku ya pili mtu nisiyemjua akanitumia picha ya skrini yake. Alikuwa ameipiga kwa simu, na alama ya kidole kwenye kioo ilionekana waziwazi. Skrini nyeusi, ujumbe wa mstari mmoja ukisema kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana. Chini ya picha ameandika: "Kaka, hii programu yako ni ya Linux au si ya Linux?"

Wanaojua wameshaanza kutabasamu. Kwa wengine, naomba subira kidogo, maana ugomvi wote wa leo umo ndani ya mstari ule mmoja.

Glibc ni maktaba ya C ambayo karibu kila programu kwenye distro nyingi za Linux inaiegemea: kufungua faili, kuomba nafasi ya kumbukumbu, kuandika herufi kwenye skrini. Agosti 2021 lilitoka toleo la 2.34. Watunzaji wake walikuwa wamepanga upya mambo ya ndani, na kazi moja iitwayo __libc_start_main, ile inayoiamsha programu kabla mstari wako wa kwanza haujaguswa, ikapewa alama mpya ya toleo. Basi programu yoyote ya kawaida utakayoijenga kwenye mashine yenye 2.34 au zaidi, hata ile inayoandika neno moja ikafa, itadai 2.34. Mashine yangu ilikuwa na 2.35. Ya yule bwana ilikuwa na 2.31. Prosesa zetu zilikuwa za aina moja, kiini cha mfumo wake, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza mashine, kilikuwa tayari kuiendesha, na programu yangu haikutumia jambo lolote jipya. Ilirudishwa mlangoni kwa sababu ya mahali ilipozaliwa.

Sasa nionyesheni mkosaji. Watunzaji wa maktaba wana ahadi yao na wanaitimiza: programu ya zamani itaenda kwenye maktaba mpya. Kinyume chake hawakuahidi kamwe. Distro ya yule bwana imeamua kukaa na vitu vilivyojaribiwa kwa muda mrefu, na wapo wanaoihitaji hivyo hivyo. Distro yangu imeamua kwenda na wakati. Busara mbili zilipokutana, aliyeumia ni mtu aliyetaka kusikiliza sauti zake tu. Na mimi pia, kwa sababu jioni tatu zilizofuata nilizimalizia hapo.

Tangu siku ile sihesabu tena distro. Ziwe kumi, ziwe mia tano, hainisumbui. Swali langu limebaki moja: tofauti hii mliyoiweka, bili yake anapelekewa nani?

Na msidhani ni kilio cha mtu mdogo asiyejua kazi. Agosti 2014, kwenye mkutano wa distro ya Debian uliofanyika Portland, Marekani, Linus Torvalds mwenyewe alisimama mbele ya watu waliokuja kuzungumzia vifurushi, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa, akalalamikia vifurushi. Ana programu yake ya kuhifadhi kumbukumbu za wapiga mbizi, Subsurface, aliyoianza 2011. Akawaeleza kwamba yeye na wenzake wanaijenga kwa ajili ya Windows, wanaijenga kwa ajili ya Mac, lakini kwa Linux kwa kweli hawaijengi, kwa sababu wangelazimika kuijenga upya kwa kila distro na kwa kila toleo la distro. Fikirieni: mtu aliyeanzisha kiini chenyewe, programu yake inawafikia kwa urahisi watumiaji wa mifumo ya washindani kuliko watumiaji wa mfumo wake. Ukumbi ulicheka, nami nilicheka nilipoitazama rekodi. Halafu nikanyamaza.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu ugonjwa huu una historia, na vijana wengi wanadhani ulianza na distro ya Ubuntu.

Mfumo wa Unix ulizaliwa katika maabara za Bell mwaka 1969. Kufikia miaka ya themanini kila kampuni kubwa ya kompyuta ilikuwa na Unix yake: hii imetoka tawi la AT&T, ile imetoka tawi la BSD la Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na nyingine zimechanganya. Mwaka 1988 wakubwa wakagawana kambi. Upande mmoja Open Software Foundation, wakiwemo IBM, DEC na Hewlett-Packard. Upande wa pili Unix International, wakiwemo AT&T na Sun. Kila kambi ilijinadi kuwa ndiyo inayoleta umoja. Mwaka huo huo kilitoka kiwango cha POSIX, kikiwa jaribio la kusema: jamani, tukubaliane angalau juu ya milango ya kuingilia, ndani ya nyumba kila mtu apange anavyotaka. Wazo lile lilikuwa zuri na linatusaidia hadi leo. Lakini makampuni yaliendelea kutwangana, na walipopatana Machi 1993 kwa mpango uitwao COSE, ilikuwa imebaki miezi michache Windows NT iingie sokoni. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Angalieni bili ile ilikwenda kwa nani. Aliyeandika programu kwa Unix moja alipaswa kuihamishia kwenye ya pili, ya tatu, ya nne, na kila moja ilikuwa na msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, uliofungwa kabatini kwa mwenyewe. Ukikuta hitilafu kwenye Unix ya kampuni fulani, huwezi kuirekebisha wala kuona wenzako wamefanyaje. Mgawanyiko wa aina ile ulikuwa na kuta.

Linux ilipokuja mwaka 1991, wengi walitabiri itapasuka vivyo hivyo. Mwaka 1992 Torvalds akaiweka chini ya leseni ya GPL, na watu wengi huitazama leseni ile kama suala la maadili tu. Mimi naitazama pia kama kanuni ya mahesabu. Inasema: chukua, badilisha, gawa, lakini unapogawa, gawa pamoja na msimbo wako. Kwa hiyo ukijitenga ukaenda kutengeneza kitu kizuri, kitu kile kizuri naweza kukirudisha kwangu kesho asubuhi. Faida ya kujitenga inayeyuka haraka, mzigo wake unabaki. Kiini cha Linux leo kina zaidi ya mistari milioni 30, na kila baada ya wiki tisa au kumi hutoka toleo jipya lenye mabadiliko zaidi ya elfu kumi. Jaribu kukimbia peke yako sambamba na gari lile. Ndiyo maana distro ni mamia, lakini kiini ni kimoja. Kila mmoja ana haki ya kukipasua. Asiyejaribu haogopi sheria, anaogopa kazi itakayofuata.

Na kipo kitu kingine kuhusu kiini ambacho sisi wa juu yake hatujakiiga vya kutosha. Torvalds ana amri moja ambayo ukiivunja atakusema hadharani: usivunje programu za watumiaji. Ukibadilisha kiini na programu ya mtu ikaacha kufanya kazi, kosa ni lako, hata kama programu ile ilikuwa imeandikwa vibaya. Programu iliyojengwa miaka ishirini iliyopita bila kuegemea maktaba za nje ina nafasi nzuri ya kuamka leo na kufanya kazi. Hapo bili inalipwa na anayebadilisha. Panda ngazi moja tu juu ya kiini, kwenye maktaba, kwenye zana za madirisha, kwenye mahali pa kuweka faili za mipangilio, amri ile inafifia.

(Hapa mtu mmoja aliuliza tatizo la kuunganisha ni nini, si wakutane tu? Nikaona nijibu papo hapo.)

Walikutana, ndugu yangu. Walikutana sana. Mwaka 2001 kilitoka kiwango cha Linux Standard Base, LSB kwa kifupi. Lengo lilikuwa kwamba ukijenga programu kufuata LSB itaenda kwenye distro yoyote iliyothibitishwa. Kikachagua vifurushi vya aina ya RPM, desturi ya kampuni ya Red Hat na wenzake, kuwa ndiyo njia ya kusakinisha. Sasa, Debian na wajukuu wake wote wanatumia vifurushi vya deb. Wakaambiwa haidhuru, mnaweza kuwa na zana ya kubadilisha. Unapomwambia mtu kiwango cha pamoja ni desturi ya jirani yake, atatikisa kichwa kwa adabu na kuendelea na shughuli zake. Watengenezaji wa programu nao walitazama, wakaona hakuna anayewalazimisha, wakaendelea kujenga kwa distro mbili tatu zenye wateja. Mwaka 2015 Debian ikaacha karibu kazi yote ya kufuata LSB, na toleo la 5.0 la mwaka huo huo ndilo la mwisho.

Jaribio jingine, UnitedLinux ya 2002, sitalisimulia kwa kirefu. Kampuni nne zikaungana, SuSE, Turbolinux, Conectiva na Caldera, ili zipambane na Red Hat. Caldera ikabadilisha jina kuwa SCO Group, na Machi 2003 ikaishitaki IBM kwa madai yanayohusu Linux yenyewe. Ndoa ile mnajua iliishaje.

Ninachojifunza mimi ni kwamba umoja ulioandikwa mezani kwanza, kisha ukasubiri watu waufuate, haukufika mbali. Uliofika mbali ni ule uliokuja kama kazi iliyokamilika, ambayo kuikataa ni ghali kuliko kuikubali. Hapo ndipo jina la systemd linapoingia, na naona wengine mmeshakunja nyuso. Tulieni.

Kabla ya systemd kila familia ya distro ilikuwa na namna yake ya kuamsha mashine: hati ndefu za kuanzisha huduma, huyu anaziweka hapa, yule pale. Mwandishi wa programu ya seva aliandika hati tatu nne za kazi ile ile. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walianza systemd, mfumo mmoja wa kuamsha mashine na huduma zake, na miaka michache baadaye karibu distro zote kubwa zilikuwa zimeihamia. Februari 2014 kamati ya ufundi ya Debian iliichagua baada ya mjadala mrefu uliowachosha watu, na Ubuntu, iliyokuwa na mfumo wake wa Upstart tangu 2006, ikatangaza siku chache baadaye kwamba nayo itafuata. Leo naandika faili moja fupi na huduma yangu inaanza kote. Mimi mvivu, nimefurahi.

Wasiofurahi walifanya nini? Wachache, ndiyo, walitukana mitandaoni. Lakini kundi moja lilifanya jambo ninaloliheshimu: mwishoni mwa 2014 walitangaza kujitenga na Debian, wakaita kazi yao Devuan, na Mei 2017 wakatoa toleo la 1.0. Miaka miwili na nusu ya kuvua systemd kwenye kila kifurushi kilichoishika, na hadi leo wanaendelea. Hawakumlazimisha mtunzaji wa Debian aendelee kuandika hati za zamani kwa ajili yao. Walichukua mzigo, wakaubeba. Situmii Devuan wala sina mpango huo, ila nikikutana na mmoja wao nitamsalimia kwa mikono miwili.

Nikisema "kujitenga" nina maana ile ya kuchukua msimbo wote na kwenda kuanzisha kambi yako. Wapo wanaosema kuchepuka. Neno zuri, lakini limeshachukuliwa na shughuli nyingine, na sitaki kusikia nyumbani kwamba nilisimama mbele ya watu mia mbili kutetea michepuko.

Upande wa BSD, lile tawi la Berkeley, wana mfano mzuri zaidi. NetBSD ilianza 1993. Mmoja wa waanzilishi wake, Theo de Raadt, aligombana na wenzake akaondolewa, na mwaka 1995 akaanzisha OpenBSD kutoka kwenye msimbo ule ule. Ugomvi ulikuwa wa watu, wala tusiupambe. Ila kambi ile ndogo ikaamua kwamba kazi yake ni usalama, ikaanza kusoma msimbo mstari kwa mstari, na mwaka 1999 ikatoa OpenSSH. Nani hapa ameingia kwenye seva ya mbali wiki hii? Naona mikono. Kuna uwezekano mkubwa umepita kwenye mlango uliotengenezwa na watu waliofukuzana. Kujitenga kule kulilipa bili yake, kisha kukawalipia na majirani.

Sasa niwape hadithi moja ya karibuni, kwa sababu inabana pande zote mbili za hoja, yangu na ya mwaliko.

Machi 2024 mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, Andres Freund, alikuwa akipima kasi ya mabadiliko fulani kwenye mashine yenye Debian ile ya majaribio. Ili vipimo visichafuke alitaka mashine itulie, lakini huduma ya SSH, ule mlango wa kuingilia kutoka mbali, ilikuwa ikila prosesa kuliko kawaida hata pale watu wasiojulikana walipojaribu kuingia na kushindwa. Akapima. Kabla, jaribio la kuingia lilichukua sekunde 0.299. Sasa lilichukua 0.807. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu intaneti. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye xz, zana ya kubana faili, akakuta kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yamepandikizwa mlango wa siri. Tarehe 29 Machi, Ijumaa Kuu, akaitangazia dunia.

Mlango ule ulifikaje kwenye SSH, wakati OpenSSH ya asili haiigusi maktaba ya xz? Ulipitia kwenye kiraka, yaani marekebisho madogo yanayobandikwa juu ya msimbo wa mtu mwingine. Debian na baadhi ya distro nyingine waliongeza kiraka chao ili SSH iweze kuiambia systemd kwamba imeshaamka. Kiraka kikavuta maktaba ya systemd, maktaba ya systemd ikavuta ya xz. Hapo mpinga mgawanyiko atasema: mnaona? Mmerekebisha msimbo wa watu, mkafungua ufa ambao wenyewe hawakuuweka. Ni kweli. Na si mara ya kwanza. Mwaka 2006 kiraka cha Debian kwenye OpenSSL, maktaba ya kutengeneza funguo za siri, kiliondoa mistari iliyokuwa inakusanya vitu visivyotabirika, na hadi kilipogunduliwa Mei 2008 funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu zilikuwa zinatoka kwenye fungu la uwezekano 32,767 tu kwa kila aina na ukubwa. Ufunguo ambao ungechukua umri wa dunia kuukisia ulikisiwa kabla ya jioni.

Lakini tazameni upande wa pili wa tukio la xz. Watu wa distro ya Arch walikuwa na toleo lile lile lenye sumu, ila SSH yao haina kiraka kile, hivyo njia ile ya kuifikia haikuwepo. Wa distro ya Alpine hawatumii glibc kabisa, na mlango ule ulitegemea mbinu za glibc. Matoleo imara ya Debian yalikuwa bado kwenye xz ya zamani, kwa ule ule ukaidi wa kukaa na vya kale ulioinyima programu yangu kuamka kwa yule bwana. Laiti tungekuwa na distro moja, yenye toleo moja, inayosasishwa siku moja, ile nusu sekunde ingekuwa imeshaingia kwenye kila seva kabla Freund hajawasha mashine yake. Kwa hiyo mwandishi wa barua ya mwaliko, popote ulipokaa: hapana, sitaki tuwe na moja tu. Nilitaka miaka ile. Sasa sitaki.

Sababu ya pili ya kutotaka ni ya Desemba 2020. CentOS ilikuwa ikijengwa upya kutoka kwenye msimbo wa Red Hat Enterprise Linux na kutolewa bure; seva zisizo na idadi zilikaa juu yake. Ikatangazwa kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kutunzwa hadi 2029, itakoma mwisho wa 2021. Kama msimbo ungekuwa umefungwa, watu wangelipa au wangehama. Badala yake Machi 2021 AlmaLinux ilikuwa imetoka, na Juni Rocky Linux ikafuata. Mbili, si moja, maana hata kwenye msiba hatukosi kugawana matanga. Lakini aliyekuwa na seva mia nne alipata pa kuhamia bila kuandika upya chochote. Haki ya kujitenga ilikuwepo miaka yote kama ndoo ya mchanga ukutani, na siku ya moto watu wakakumbuka inatumikaje.

Kuhusu Android nitapita haraka, ingawa ndiko mgawanyiko unakowagusa watu wengi zaidi. Msimbo wake huria, kila mtengenezaji wa simu akawa na kiini chake chenye viraka vyake, na marekebisho ya usalama yakawa yanakwama kati ya Google, mtengenezaji wa chipu na mtengenezaji wa simu. Mradi wa Treble wa mwaka 2017 ulitenganisha tabaka la juu na la chini ili la juu lisasishwe bila kulisubiri la chini, na huo ndio ufundi ninaousifu. Njia nyingine iliyotumika ilikuwa mikataba: mtengenezaji anayetaka programu za Google asitoe simu zenye Android iliyojitenga bila idhini. Mwaka 2018 Kamisheni ya Ulaya ilitoza faini ya euro bilioni 4.34, na masharti yale yalikuwa sehemu ya hukumu. Mahakama ikaipunguza kuwa bilioni 4.125 mwaka 2022. Kuna umoja unaojengwa kwa viungo vizuri, na kuna umoja wa kufungiwa ndani.

Nije kwa vijana. Kabla sijapanda hapa watatu wenu mlinifuata mkanionyesha distro yenu mpya. Nembo nzuri kweli, nimeipenda. Nikauliza ndani kuna nini. Mkaniambia imejengwa juu ya Mint. Mint yenyewe imejengwa juu ya Ubuntu, Ubuntu juu ya Debian. Ninyi ni vitukuu. Nikauliza tofauti ni ipi, nikatajiwa picha ya nyuma ya skrini, rangi za ikoni, na programu ishirini zilizowekwa tayari.

Sina haja ya kuwavunja moyo, maana na mimi ninayo ya kwangu, imelala kwenye diski kuu ya zamani na hakuna aliyewahi kuiona zaidi ya mdogo wangu. Lakini ile Ijumaa Kuu ya 2024, usiku, kwenye kila distro kubwa walikuwepo watu waliokuwa macho wakirudisha xz nyuma na kujenga upya vifurushi. Kwenye yenu nani angeamka? Mkinijibu kwamba Mint wangeamka, basi mnachokitoa ni mandhari ya skrini na orodha ya programu, na hivyo vyote vinaingia kwenye kifurushi kimoja cha kilobaiti chache ambacho mtumiaji wa Mint atakisakinisha kwa amri moja. Atapata rangi zenu na ulinzi wao. Kama mna kitu ambacho hao wa juu wamekikataa na ninyi mnakiamini, hapo jitengeni, na nitakuwa wa kwanza kuipakua.

Mtauliza kuhusu Flatpak, Snap na AppImage, njia mpya za kumfungashia mtumiaji programu pamoja na maktaba zake. Ndiyo, zinafanya kazi, na Subsurface ya Torvalds baadaye ikatolewa kama AppImage. Mmeona pia kwamba dawa ya kuwa na njia nyingi za vifurushi imekuja kwa njia tatu. Sisemi kitu.

Yule bwana wa picha nilimjibu siku ya nne. Nilikuwa nimemwomba rafiki kompyuta yake kuukuu, nikaiwekea distro ya zamani kuliko zote ambazo bado zilikuwa zinapata marekebisho ya usalama, nikajenga programu humo. Kwa kuwa maktaba mpya huzipokea programu za zamani, iliyojengwa pale ilikubalika kwake na ikakubalika kwangu. Akanitumia picha ya pili, alama ya kidole iko pale pale, programu imefunguka, orodha ya faili zake imejaa. Kompyuta ile sijairudisha. Iko chini ya meza yangu, feni yake inalia kama cherehani, na kila toleo ninalolitoa linapita kwake kwanza. Mwenyewe amekaa safu ya tatu hapa na amekuja kuidai.

Karibuni maswali.